Ukaazi: Kumiliki Mlango na Kuruhusiwa Kulala Ndani

Katika ofisi ya serikali ya mtaa Chang'ombe, hapa Dodoma, mkazi ni mtu anayejulikana. Mwenyekiti anaijua nyumba yake, mjumbe anawajua watoto wake, na akihitaji barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki au kumdhamini ndugu kituoni, ataandikiwa kwamba ni mkazi wa mtaa huu. Hakuna anayemuuliza mwaka jana alilala hapa siku ngapi. Nyumba yake, jirani zake na misiba aliyohudhuria vinatosha.

Ukifika Uhamiaji, neno linabadilika uzito. Kibali cha ukaazi, kama kinavyoitwa kwenye fomu zao, ni ruhusa anayopewa mgeni akae nchini kwa muda uliotajwa na kwa shughuli iliyotajwa. Chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, vibali hivyo viko katika madaraja matatu: A ni cha mwekezaji na anayejiajiri, B cha aliyeajiriwa, C cha wengine kama wanafunzi, watafiti, wamisionari na wastaafu. Humo hamna daraja la mtu ambaye sifa yake pekee ni kwamba ana nyumba. Zanzibar ndiyo iliyofungua njia hiyo, kwa mgeni anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa. Bara, mwenye nyumba asiye raia lazima ajieleze kwa sababu nyingine.

Maneno haya yote yametoka katika kitenzi kimoja, kukaa. Ndicho kilichotupa kikao, makao, makazi, mkaaji, mkazi, na hata cheo cha mji huu, kwani Dodoma ni Makao Makuu tangu uamuzi wa mwaka 1973. Kukaa ni kuketi kwa dakika tano, na kukaa ni kuishi mpaka kuzikwa. "Nakaa Chang'ombe" anaweza kusema aliyezaliwa hapa na aliyepanga chumba juzi, na wote wamesema kweli. Kiswahili hakikuwahi kutulazimisha tuwatenganishe. Sheria ndiyo inayolazimisha, tena kwa ukali.

Waingereza wengi waliuonja ukali huo tarehe 1 Januari 2021. Kabla ya hapo, aliyenunua nyumba Alicante, Hispania, au Dordogne, Ufaransa, alikwenda na kurudi apendavyo, kwa sababu nchi yake ilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Kipindi cha mpito cha Brexit kilipokwisha 31 Desemba 2020, mstari ulipigwa katikati ya majirani. Chukua wawili walionunua nyumba zinazopakana, mwaka mmoja, kwa bei moja. Yule aliyekuwa tayari anaishi pale kisheria alilindwa na Mkataba wa Kujitoa, akabaki na haki ya kukaa. Yule aliyekuwa akija kukimbia baridi tu amekuwa mgeni nyumbani kwake, na mgeni huyo anaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180.

Hesabu yenyewe inahitaji utulivu. Haianzi Januari, wala haianzi siku aliyoingia. Kwa kila siku anayokuwa ndani, hesabu hurudi nyuma siku 180 na kujumlisha zote alizokaa, ya kuingia na ya kutoka zikiwemo. Zikipita 90, amekaa bila ruhusa. Tena nchi 29 za Schengen zinahesabiwa pamoja, hivyo wiki mbili za Ufaransa zinapunguza siku za Hispania. Mstaafu aliyezoea kwenda Novemba na kurudi Aprili hana namna ya kuzipanga siku zake zimtoshe. Atafute viza ya muda mrefu au arudi mapema. Na 12 Oktoba 2025 mfumo wa kielektroniki wa mipakani, unaochukua picha ya uso na alama za vidole, ulianza kuchukua nafasi ya mhuri wa pasipoti. Zamani siku mbili tatu za ziada ziliweza kumpita askari aliyechoka kusoma mihuri. Kompyuta haichoki.

Wenye nyumba hao walijaribu kutafuta pa kupenyea. Wabunge wa Ufaransa walipitisha kifungu cha kuwapa Waingereza wenye nyumba za pili viza ya muda mrefu bila kuomba. Baraza la Katiba la nchi hiyo likakifuta Januari 2024. Hispania ilikuwa ikitoa ukaazi kwa anayenunua nyumba ya yuro 500,000, ikaufunga mlango huo 3 Aprili 2025. Wenye bahati walikuwa wale waliokuwa na mzazi au babu wa Ireland: waliomba pasipoti ya Ireland bila kuiacha ya Uingereza, wakarudi kukaa Ulaya watakavyo.

Bahati hiyo ya mwisho ndiyo inayonirudisha Chang'ombe, kwa sababu hapa pia yuko Mwingereza mwenye nyumba. Ila huyu alizaliwa hapa. Alisoma hapa, akaenda Uingereza, akafanya kazi miaka mingi, akachukua uraia wa huko ili watoto wake wasiishi kwa wasiwasi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku alipochukua wa pili kwa hiari yake, wa kwanza ulimtoka. Hapo akapoteza zaidi ya kile Mwingereza wa Alicante alichopoteza. Yule wa Alicante alipunguziwa siku lakini hati ya nyumba ilibaki yake. Mtoto wa Chang'ombe alikuwa mgeni wa viza ya dola 50 na siku 90, na wakati huohuo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ilisema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nyumba aliyomjengea mama yake si uwekezaji. Ndiyo maana hati za watu wa namna hii huandikwa kwa jina la dada au mpwa, na ndiyo maana familia nyingi zimegombana baada ya mazishi.

Mwanzoni mwa 2025 Bunge, likikaa hapahapa Dodoma, lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili raia wa kigeni mwenye asili ya Tanzania aweze kupewa hadhi maalum, itakayomfungulia kukaa na kuifikia ardhi. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini istilahi hiyo inahitaji uangalizi. Hadhi kwa Mswahili ni heshima. Mtu ana hadhi yake, au amevunjiwa hadhi. Katika sheria hii, hadhi ni nafasi ya mtu mbele ya dola: hupewa aliyeomba akatimiza masharti, na aliyeipata hawi raia. Mzee anayesikia redioni kwamba mwanawe "amepewa hadhi" anaweza kudhani amerudishiwa uraia wake. Hajarudishiwa.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kwenye kodi, na hauzungumzwi vya kutosha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina mkaazi wake wa tatu, asiye wa mtaa wala wa Uhamiaji. Kwa sheria hiyo, aliyekuwepo nchini siku 183 katika mwaka ni mkaazi. Na mwenye makazi ya kudumu Tanzania naye ni mkaazi, hata kama mwaka huo alikuwepo kwa sehemu ndogo tu. Kwa maneno mengine, nyumba ileile ya Chang'ombe isiyomsaidia chochote kwenye dirisha la viza yaweza kumfanya mkaazi mbele ya mtoza kodi. Kodi ya jengo, kwa upande wake, inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme, na mita haijui pasipoti.

Wapo wanaopendekeza tutofautishe kwa tahajia: mkazi, kwa "a" moja, awe jirani, mkaazi, kwa mbili, awe mwenye kibali. Pendekezo hilo linakwama baharini, maana kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichowekwa na sheria ya 2005, kinamtaja mwenyeji hasa, si mgeni mwenye ruhusa. Mimi naona tuseme jambo lenyewe. Ruhusa yenye tarehe ya mwisho iitwe kibali cha kukaa, kila mahali, hata magazetini. Neno ukaazi libaki kwa hali ambayo sheria fulani imeitaja, na mwandishi aseme ni sheria ipi: ukaazi wa kodi, ukaazi wa Zanzibar. Mkazi aachiwe mtaa. Ofisi itakayomjibu mtu "wewe si mkaazi" bila kutaja kwa sheria gani haijamjibu, na ana haki ya kuuliza tena kabla hajasaini kitu wala kumkabidhi ndugu hati ya kiwanja.