Funza Alivyovuka Afrika kwa Miguu ya Watu

Wasikilizaji, labda mtastaajabu kuambiwa ya kuwa funza wa miguuni si mwenyeji wa nchi zetu. Neno funza ni la zamani, walakini lilikuwa jina la buu aliyemo katika nyama iliyooza. Huyu wa kidoleni si buu hata kidogo. Ni kiroboto, tena mdogo kuliko viroboto wengi.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika mwaka wa 1872 marikebu iliyotoka Brazil ilitia nanga Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wa farumi, na ndani ya mchanga ule alikuwamo funza. Kutoka hapo akaenea pwani, kisha akapanda bara kwa njia ya mto Congo. Mdudu huyu hawezi kuruka mbali, alichukuliwa. Na zamani zile njia za Afrika zilijaa wapagazi na askari wasio na viatu, nao kila usiku walilala katika vumbi la kambi walimolala wenzao jana. Msafara wa Stanley wa miaka 1887 hata 1889 ulitoka mlango wa Congo ukafika Bagamoyo. Kabla ya karne ile kwisha, funza naye alikuwa amefika pwani ya mashariki. Alivuka bara zima kwa muda usiotimia miaka thelathini, kwa mwendo wa mpagazi.

Mwaka 1892 Oscar Baumann alipita Uzinza, kusini ya Ziwa Victoria. Aliona watu ambao viungo vyao vimeoza, akasikitika kwa ajili ya vijiji vilivyokwisha kabisa. Je, kiroboto huuaje kijiji? Jike hujichimbia katika ngozi, hasa kando ya ukucha, akavimba hata kuwa kama punje ya mbaazi, naye hutaga mayai mamia. Mwenye funza wengi hawezi kukanyagia vidole. Huenda kwa visigino, au kwa ubavu wa wayo, akichechemea. Pengine kucha hung'oka, na kidonda kikiingia uchafu huleta pepopunda. Watu wa Uzinza hawakuwa wamezoea kumtoa mapema kwa mwiba. Na mkulima asiyeweza kusimama hawezi kushika jembe; basi mazao yakabaki shambani, na njaa ikamaliza kazi ambayo kiroboto aliianza.

Sasa tutazame sakafu, kwa kuwa watu wengi hutazama mguu tu. Yale mayai hayakai mwilini. Huanguka chini, yakaanguliwa katika vumbi kavu, na watoto wa mdudu hukua humo. Sakafu ya udongo iliyopondwa vema na kusiribwa mara kwa mara huwapa nafasi ndogo. Ikipasuka na kutoka vumbi, ni malezi yao. Sakafu ya saruji inayooshwa huwanyima mahali pa kukulia.

Siku hizi waganga hupaka mguu mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba mdudu pumzi pasipo kutumia sindano. Hiyo ni dawa njema. Walakini mtoto aliyepona, akirudi kulala juu ya vumbi lile lile, huingiwa na wengine baada ya siku chache, akaanza tena kwenda kwa visigino.