Jino limetibiwa mzizi: Kwa nini nguzo ngumu inaweza kulipasua?

Mzizi umeshasafishwa na kuzibwa, maumivu yamekwisha. Halafu daktari wa meno anakwambia jino limebaki kipande tu, kwa hiyo ataweka nguzo ndani ya mzizi na taji juu yake. Unaulizwa: chuma au faiba?

Wengi tungesema chuma. Kigumu si ndiyo imara? Kwenye jino, si lazima iwe hivyo.

Kwanza tuelewane kuhusu nguzo yenyewe. Ni kijiti chembamba kinachogandishwa ndani ya mfereji wa mzizi. Kazi yake ni kushikilia kiini bandia kinachojengwa juu, na kiini hicho ndicho kinachobeba taji. Nguzo haiuongezei mzizi nguvu, ingawa kwa miaka mingi iliaminika hivyo. Tena kuichimbia nafasi kunapunguza jino zaidi, ndiyo maana jino lenye kuta za kutosha huachwa bila nguzo.

Jino halivunjiki kwa sababu 'limekufa'

Utasikia kwamba jino lililotibiwa mzizi hukauka na kuwa kama kijiti kikavu. Shida kubwa ni nyama ya jino iliyopotea. Utafiti wa Reeh, Messer na Douglas wa mwaka 1989 ulipima hilo: kutibu mzizi peke yake kulipunguza ukakamavu wa jino kwa asilimia 5 hivi. Kukata tundu linalopita upande hadi upande kulipunguza zaidi ya asilimia 60.

Namba zinasemaje?

Wataalamu hupima ukakamavu kwa gigapaskali. Namba ikiwa kubwa, kitu kinakataa kupinda. Dentini, yaani sehemu kubwa ya jino chini ya enameli, ina takriban 18. Nguzo za faiba ya kioo mara nyingi ziko kati ya 20 na 50. Titani ni kama 110. Chuma cha pua na zirkonia hufika karibu 200.

Sasa ukitafuna, jino hupinda kidogo sana, hata huhisi. Faiba inapinda karibu sawa na dentini, hivyo mkazo unasambaa, na mwingi unabaki juu karibu na shingo ya jino. Chuma kinakataa kupinda. Kinabeba nguvu na kuishusha chini, pale nguzo inapoishia. Ni kama nondo iliyochomekwa kwenye ukuta wa udongo: ukiisukuma, nondo haipindi, ukuta ndio unaopasuka.

Hapo ndipo unapoweza kupoteza jino. Mzizi ukipasuka kwa urefu, kwa kawaida jino linang'olewa. Faiba nayo hushindwa, tena si mara chache, lakini mara nyingi ni gundi inayoachia na taji kutoka. Unarudi kliniki ukiwa umelishika mkononi, na jino linaweza kutengenezwa tena. Gundi hiyo haitaki mate, kwa hiyo umakini wa daktari una uzito kuliko jina lililo kwenye pakiti.

Na taji je?

Taji gumu, la chuma au zirkonia, hujibebea sehemu kubwa ya nguvu na kuipeleka kwenye ukingo wake. Taji la resini hupinda zaidi, basi kiini na gundi chini yake vinapata kazi ya ziada.

Ila kwa maoni yangu, swali la chuma au faiba hupewa nafasi kubwa mno. Kinachoamua zaidi ni 'ukosi': milimita 1.5 hadi 2 za jino zima zilizobaki juu ya fizi, ambazo taji linazikumbatia pande zote kama pete ya pipa. Ukosi ukiwepo, tofauti kati ya nguzo na nguzo hupungua sana. Usipokuwepo, kila meno yakikutana nguvu inaishia kwenye nguzo na gundi.

Meno ya mbele yanahitaji umakini zaidi kwa sababu yanasukumwa kwa ubavu. Magego mara nyingi hayahitaji nguzo kabisa, kwani tundu lake la katikati lina nafasi ya kushika kiini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize daktari: "Jino zima limebaki milimita ngapi juu ya fizi?" Jibu likiwa sifuri, mjadili kwanza kama fizi inaweza kushushwa au jino kuvutwa juu kidogo, kisha ndiyo mzungumzie nguzo.