Kriketi: Mlinda wiketi apimwe kwa glavu au kwa gongo?

Katika Uwanja wa Kimataifa wa Kriketi wa Gahanga, Kigali, uliofunguliwa mwaka 2017, mchezaji mmoja tu wa timu inayolinda huvaa glavu. Huyo ni mlinda wiketi, anayesimama nyuma ya vijiti vitatu vya mpiga gongo. Hudaka mipira iliyoguswa na gongo na kuizuia inayopita. Zamu ya timu yake ya kupiga inapofika, naye hutarajiwa kuleta mikimbio.

Kocha amchague hodari wa kudaka au hodari wa kupiga?

Ugumu ni kwamba mikimbio anayofunga huandikwa kwa jina lake, ilhali ile aliyoizuia haiandikwi popote. Mpiga gongo aliyeponyoka kudakwa akiwa na mikimbio 5, kisha akafikisha 45, ameizawadia timu yake mikimbio 40. Si rahisi kwa mlinda wiketi kuifidia kwa gongo lake.

Kenya yalijua hayo Februari 29, 1996, mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia. Ilifunga mikimbio 166 pekee. Mlinda wiketi Tariq Iqbal akamdaka Brian Lara akiwa na 8 tu, na West Indies wakaishia 93.

Adam Gilchrist wa Australia alithibitisha kuwa sifa zote mbili zaweza kukutana kwa mtu mmoja. Zisipokutana, kocha ahesabu kwanza mipira iliyoponyoka, ndipo ahesabu mikimbio.