Timau: Mji wa Upande Mkavu wa Mlima Kenya

Mji wa Timau uko katika Kaunti ya Meru, takriban kilomita 20 kaskazini-mashariki mwa Nanyuki, kwenye barabara kuu itokayo Nairobi kupitia Isiolo hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Anayeutazama kwenye ramani huenda akadhani kwamba mahali palipo miguuni mwa mlima wenye kimo cha mita 5,199 hapawezi kukosa mvua. Hali halisi ni kinyume, na kinyume hicho ndicho kilichoongoza sehemu kubwa ya historia ya mji huu. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huvuma kutoka kusini-mashariki, zikakutana kwanza na miteremko ya Embu na Chuka, zikapanda, zikapoa na kumwaga maji yake huko, na zinapovuka kufika upande wa kaskazini huwa zimekwisha kukauka. Hali hii huitwa kivuli cha mvua, yaani ukavu wa eneo lililokingwa na mlima dhidi ya pepo za mvua.

Matokeo yake yanaonekana katika uoto. Ukanda wa misitu minene unaouzunguka mlima huo, ambao Wameru huuita Kirimara, hupungua sana na mahali pengine hukatika kabisa juu ya Timau, hata nyasi za uwandani zikapanda karibu na mbuga za baridi zilizo juu ya mpaka wa miti. Ndiyo maana njia ya Timau, mojawapo ya njia za zamani za kupandia mlima huo, iliwahi kuyafikisha magari juu kuliko njia nyingine zote, ingawa haitumiki tena kama zamani. Udongo ulitokana na volkeno iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita na una rutuba nyingi, lakini rutuba bila maji haitoshi, na maji ya Timau hayatoki mawinguni moja kwa moja bali hushuka kwa mito kutoka juu mlimani, kisha huelekea mto Ewaso Ng'iro unaoishia katika kinamasi cha Lorian, mbali sana kaskazini-mashariki.

Kabla ya ukoloni nchi hii ilikuwa malisho kuliko mashamba. Wameru walilima zaidi miteremko ya mashariki yenye mvua ya kutosha, ilhali nyanda za kaskazini-magharibi zilikuwa za wafugaji wa lugha ya Kimaa, ambao alama yao imebaki katika majina kama Ngare Ndare, yaani maji ya mbuzi. Mnamo miaka ya 1870 Walaikipiak, waliokuwa kundi lenye nguvu miongoni mwa watu wa Kimaa, walishindwa vitani na ndugu zao Wapurko, wakatawanyika. Jina lao likabaki kwenye uwanda wa Laikipia ulio jirani, nao wenyewe wakamezwa na jamii nyingine.

Kisha ikaja mikataba, ambayo haifai kupitwa haraka. Mwaka 1904 serikali ya Uingereza ilitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, wa kuwahamisha wengi wao kutoka Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, mojawapo ikiwa Laikipia, kwa ahadi kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangalipo kama kabila. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Mkataba wa pili wa mwaka 1911 uliwataka watu wa Laikipia wahamie kusini, na uhamisho ukakamilika mwaka 1913 ingawa Wamaasai walikuwa wamepeleka shauri mahakamani. Mahakama ilikataa kulisikiliza kwa hoja kwamba mikataba hiyo ilikuwa kama ya dola mbili na haikuwa chini ya mamlaka yake, hoja inayoshangaza ikikumbukwa kwamba dola moja kati ya hizo mbili ilikuwa imekwisha kuinyang'anya nyingine ardhi.

Nchi iliyoachwa wazi ikagawiwa walowezi, yaani wakulima wa Kizungu waliopewa ardhi na serikali. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwaruhusu kukodi mashamba kwa miaka 999, na mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia mashamba wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia ukawaleta wengi zaidi. Miongoni mwa majina yanayokumbukwa Timau ni la Will Powys, mfugaji wa kondoo wa shamba la Kisima na ndugu wa waandishi wa Kiingereza John Cowper Powys na Llewelyn Powys. Baridi ya nyanda hizi iliwafaa kondoo, na ngano ikastawi. Reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930 na kuishia hapo, mazao ya Timau yakapata njia ya kwenda sokoni. Kazi yenyewe, hata hivyo, ilifanywa na Waafrika, wakiwemo maskwota, yaani vibarua walioruhusiwa kuishi na kulima kipande kidogo cha shamba la mlowezi kwa malipo ya nguvu zao, wasiwe na haki yoyote juu ya ardhi waliyoitia jasho.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 Timau, iliyokuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu, yaani ardhi iliyotengewa walowezi, iliingia katika Wilaya ya Meru. Baadhi ya mashamba yaligawanywa na kukaliwa na wakulima wadogo, wanaolima viazi, karoti, vitunguu na kabichi, lakini mengine makubwa hayakugawanywa, na hadi leo ngano na shayiri hulimwa kwa mashine kubwa ng'ambo ya ua wa mkulima wa ekari mbili tatu.

Kuanzia miaka ya 1990 liliongezeka zao jingine, nalo ni maua. Usiku wa baridi na jua kali la mchana karibu na ikweta huyapa mawaridi vichwa vikubwa na mashina marefu, na kampuni kadhaa zikajenga nyumba za plastiki karibu na mji ili kuyakuza kwa ajili ya soko la Ulaya. Vijana kutoka pande nyingi walikuja kutafuta ajira, nyumba za kupanga zikaongezeka, na kituo cha barabarani kikawa mji. Waridi, hata hivyo, lahitaji maji kila siku, hata katika miezi ambayo mto umebaki kijito, na wafugaji wa chini wanaoutegemea Ewaso Ng'iro huona upungufu huo kwanza. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliweka matumizi ya nyumbani na uhai wa mto wenyewe mbele ya kilimo, ikatambua pia vyama vya watumiaji wa maji, ambamo mwenye shamba kubwa na mkulima mdogo wa mto mmoja huketi pamoja kupanga zamu za kuchota wakati wa kiangazi. Hapa, pengine kuliko katika mkataba wowote uliotangulia, watu wa Timau wamepata kujadiliana juu ya rasilimali yao wakiwa wote wamo kikaoni.

Wanyamapori nao wamerudishiwa sehemu ya njia yao. Ua na mashamba vilikuwa vimewatenga tembo wa mlimani na wale wa msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya wanyama ya Lewa, hadi ulipotengwa ushoroba, yaani ukanda wa kupitia wanyama, wenye kivuko chini ya barabara kuu, ambacho tembo walianza kukitumia mapema mwaka 2011. Miaka miwili baadaye UNESCO ilipanua eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya, lililoorodheshwa mwaka 1997, likajumuisha Lewa na msitu wa Ngare Ndare.