PROSPER, mradi wa (Tabora)

PROSPER ulikuwa mradi wa kupambana na ajira mbaya ya watoto katika mashamba ya tumbaku mkoani Tabora, ulioanza mwaka 2011 katika wilaya za Urambo na Sikonge. Ulifadhiliwa na ECLT, taasisi ya Geneva inayochangiwa na kampuni za tumbaku, na kuendeshwa na shirika la Winrock International la Marekani pamoja na wabia wa nchini. Mmoja wao alikuwa TAWLAE, chama cha wanawake viongozi wa kilimo na mazingira Tanzania.

Zao lenyewe ndilo chanzo cha tatizo. Tumbaku hudai mikono mingi: kupanda miche, kupalilia, kuchuma jani kwa jani, kukata kuni na kulinda moto wa bani, yaani banda la kukaushia majani, usiku kucha. Mtoto anayebeba majani mabichi yenye umande hupenyezewa nikotini kupitia ngozi, akapata kizunguzungu na kutapika.

Mradi ulijumuisha elimu kwa jamii, mashamba darasa ya vijana wa miaka 14 hadi 17, na vikundi vya kuweka na kukopa.

Ufadhili wa aina hii, unaotokana na kampuni za tumbaku, una wapinzani. Tanzania iliridhia Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na miongozo ya mkataba huo huhesabu misaada ya kijamii ya kampuni za tumbaku kuwa namna ya kujitangaza.