Nemsi ya Biashara

Fundi mwenye karakana ya vipuri vya mashine za kusaga nafaka akitangaza kwamba anauza, mnunuzi huanza kwa kuuliza bei ya mashine. Ya kukereza chuma anaiona, ya kuchomelea anaiona, na chuma kilichomo stoo kinapimwa kwa mizani. Tuseme vyote hivyo, madeni yakishatolewa, vinafikia shilingi milioni 60, naye mnunuzi akakubali kulipa milioni 95. Hizo milioni 35 za juu amenunulia nini?

Amenunua kile ambacho vitabu vyetu vingi hukiita "nia njema". Tafsiri hiyo haifai. Nia hukaa moyoni mwa mtu, na kinachouzwa hapa ni mazoea ya wateja. "Jina la biashara" nalo lina kazi nyingine: ndilo linalosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, na mtu aweza kulisajili kabla hajapata hata mteja mmoja. Dar es Salaam kuna "kilemba", na wenye vibanda Nairobi husema "gudwili", fedha anayotoa mpangaji mpya ili apate chumba cha biashara. Hiyo ni bei ya mahali.

Napendekeza neno la zamani, nemsi, yaani sifa njema na heshima mtu aliyojijengea mbele za watu. Katika kesi ya Cruttwell na Lye, mwaka 1810, Jaji Eldon wa Uingereza aliieleza nemsi ya biashara kuwa ni uwezekano wa wateja wa zamani kurudi palepale walipozoea. Mwaka 1901 Jaji Macnaghten aliipanua: ni nguvu inayovuta wateja, na ndiyo inayotofautisha biashara iliyokomaa na ile inayoanza.

Ajabu ni kwamba mwenye nemsi haruhusiwi kuiandika. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 38, inakataza kuingiza kwenye mizania nemsi uliyoijenga mwenyewe. Huingia katika vitabu vya mnunuzi, akishailipia.

Katika karakana ndogo yenye utaalamu wake, shida ni kwamba nemsi humganda mtu. Mwenye mashine kule Kilosa hampigii simu mtu mwingine ila mzee mwenye karakana. Mzee anajua kwa kichwa kwamba mashine ile inataka chekeche la tundu za milimita 1 kwa unga wa sembe, na la milimita 4 kwa chakula cha kuku. Tena nyundo zake zitobolewe pana kidogo, maana pini zilishabadilishwa. Mzee huyo akipumzika, mnunuzi atabaki na vyuma.

Kwa hiyo kujiandaa kuuza ni kuihamisha nemsi kutoka kwa mtu kwenda kwenye biashara, na kazi hiyo haifanyiki kwa wiki moja. Kila mashine ya mteja iwe na ukurasa wake daftarini. Vielelezo vya chuma vinavyoning'inia ukutani vipewe namba. Simu ya oda iwe ya karakana, na fundi wa pili aanze kupokea wateja na kutaja bei mzee akiwa bado yupo. Hesabu za miaka kadhaa ziwe zimeandikwa na kulipiwa kodi. Hapa wengi huumia: mauzo yaliyofichwa hayawezi kuthibitishwa, na mnunuzi makini halipii asichoweza kukithibitisha.

Mnunuzi naye ajilinde. Kesi ya Trego na Hunt ya mwaka 1896 iliweka msimamo katika sheria ya Uingereza kwamba aliyeuza nemsi hana ruhusa ya kuwafuata wateja wale wale na kuwarubuni warudi kwake. Lakini kufungua karakana nyingine jirani hakukatazwi, ila kama mkataba umesema hivyo.

Basi ninyi mnaoandika mikataba ya mauzo kwa Kiswahili, ipeni nemsi ya biashara kifungu chake na bei yake, mbali na kilemba cha jengo na bei ya mashine, na mtaje ni muda gani muuzaji atabaki kumfundisha mnunuzi.