Mpaka wa Shamba Idete na Kazi ya Wakili

Mawakili wachanga wanaofungua ofisi Ifakara huwa nawaambia: kabla hujaandika hati ya madai, nenda Idete ukakanyage mpaka wenyewe. Masika ikikolea, mafuriko hufuta matuta ya majaluba, na kinachobaki ni kumbukumbu za majirani. Kwa hiyo katika Bonde la Kilombero shahidi wa kwanza wa shamba ni aliyelima kando yake.

Waliowasikiliza mashahidi hao wamebadilika mara nyingi. Enzi za Mwingereza mashauri mengi ya wenyeji yaliishia kwa watawala wa jadi. Wabena wa bondeni walikuwa na chifu wao, Mtema Towegale Kiwanga, aliyeandika sura katika kitabu cha waandishi akina Culwick kuhusu watu wake, kilichotoka 1935. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa, na mahakama za mwanzo zikashika nafasi. Hata hivyo, desturi ya kusuluhishana mbele ya baraza la wazee haikuachwa. Mwaka 1969 yaliundwa mabaraza ya usuluhishi, na 1985 mabaraza ya kata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaleta baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe 7, angalau watatu wanawake. Mwaka 2002 baraza la kata likapewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3. Mwaka 2021 likanyang'anywa mamlaka hayo, likabaki na kazi ya kusuluhisha. Siku 30 zikipita bila mwafaka, mdai huenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Mbele ya baraza la kata wakili haruhusiwi kumsemea mteja. Wenzangu wengi hulalamika. Mimi naona hapo ndipo kazi yetu inapoanza: kumwandaa mteja ajue anachohitaji kweli, anachoweza kuachia, na nani atakayemsikiliza.

Usuluhishi wenyewe nimejifunza kwa mama mmoja mjumbe wa baraza la kijiji. Wakulima wawili waligombea kipande chenye mpunga uliokaribia kuvunwa, kila mmoja akidai ardhi na mazao kwa pamoja. Mama akawauliza majirani, "Mbegu hizi nani alipanda, na nani mlikwenda kumsaidia?" Wakajibu bila kusita. "Basi mpunga ni wa aliyepanda, tumeumaliza. Sasa tuuongelee mpaka." Hasira zikashuka. Wote wakaenda shambani, wakakubaliana mstari uanzie kwenye mwembe, wakachimba mtaro mbele ya mashahidi, kisha makubaliano yakaandikwa na kutiwa dole gumba.

Vyuoni tunafundishwa kukusanya madai yote katika hati moja. Mama yule aliyatenganisha, akaanza na lile lenye jibu jepesi. Wakili anayetaka kusuluhisha aanze hivyo hivyo. Hukumu humpa mteja shamba. Atakayemwacha alilime kwa amani ni jirani, naye lazima awe sehemu ya uamuzi.